Shukrani ya punda si mateke

Wengine katika kurasa hizi wameandika juu ya mahari, wengine juu ya ngoma, wengine juu ya matanga. Mimi nimechagua jambo ambalo wengi watasema si desturi yetu hata kidogo: namna ya kumzoeza mnyama mchanga, farasi, punda au ng'ombe wa kulima, mpaka akuamini na kukufuata bila kuburutwa. Na siandiki kwa kupendeza watu. Naandika kwa kugombana. Nagombana na msemo mmoja unaotembea kwetu Mokambo, sokoni, kwenye barriere ya mpaka, hata katika vikao vyetu wenyewe: "Nyama haina akili, inasikia fimbo tu."

Msemo huu umezaa watoto watatu. Mtoto wa kwanza anasema: "Kuzoeza farasi kwa mkono ni mambo ya Wazungu." Wa pili anasema: "Bila kumupika, hatajua nani njo bwana." Wa tatu anasema: "Sisi hatuna muda wa kubembeleza nyama." Nitawajibu mmoja mmoja, wote watatu. Lakini kabla ya kujibu, acha niseme juu ya nini napoteza wino.

Hapa kwetu baiskeli ndiyo punda. Wewe mwenyewe unaona: makala ya kuni yanatoka porini kwa baiskeli, unga unavuka mpaka kwa baiskeli, na kijana anaisukuma kwa miguu mpaka kifua kinauma. Farasi hatuna. Punda ni wachache sana. Ng'ombe wa kulima, vilevile. Basi mtu anaweza kuuliza: kama wanyama wenyewe hawapo, kelele za nini? Ninajibu: ndiyo sababu hasa ya kelele. Ngambo ya Zambia, kule kusini kwa Watonga, watu wamelima kwa ng'ombe kwa vizazi vingi sasa. Kila mara watu wetu wanapoongea habari ya kulima shamba kubwa bila kuvunjika mgongo, wanaongea juu ya kununua wanyama wa kazi kutoka kule. Siku wakivuka mpaka, hawatavuka peke yao. Watavuka pamoja na desturi. Ikiwa mtu wa kwanza kijijini atamzoeza ndama wake kwa fimbo, wa pili atamwiga, na watoto watakaokuwa wanatazama watadhani ndivyo ilivyokuwa tangu mababu. Baada ya miaka 30 mtu mwingine ataandika katika kijitabu kama hiki kwamba kupiga ni mila yetu. Tunafikiri siku zote kwamba desturi ni kitu cha zamani. Kumbe nyingine zinazaliwa mbele ya macho yetu, na sisi ndio wakunga.

Sasa mtoto wa kwanza: mambo ya Wazungu.

Ni kweli, farasi si mnyama wa msitu wetu wa miombo. Jina lenyewe linashuhudia. Kwa Kibemba farasi anaitwa kabalwe, na kila mtu anayesikia neno la Wareno, cavalo, anaona jinsi yanavyofanana. Neno farasi la Kiswahili limetoka kwa Waarabu. Hatukuwa na farasi. Lakini sababu yake si ujinga wala woga. Sababu ni mbung'o, yule ndorobo anayekaa katika miti yetu na kuwapa wanyama ugonjwa wa nagana. Kuna na ugonjwa mwingine, tauni ya farasi, unaoletwa na vijidudu vidogo vya usiku, unaoweza kumuua farasi mzima katika siku chache. Wafugaji wa Afrika ya Kusini wenyewe, wenye farasi tangu karne ya 17, walipoteza makundi mazima kwa ugonjwa huo. Hapo hakuna aliyesema kwamba Mzungu hajui farasi. Basi na sisi tusijitukane.

Tena, hata bila farasi, watu wa nchi hizi walijua kumpanda mnyama. David Livingstone alipotoka Linyanti mwaka 1853 kwenda Luanda, ambako alifika mwaka 1854, hakupanda farasi. Alipanda ng'ombe aliyeitwa Sinbad, na njia yake ilipita katika nchi za Walunda. Hata huyo Sinbad alikuwa na tabia zake, na bwana wake alianguka zaidi ya mara moja. Lakini ng'ombe hapandwi siku ya kwanza. Yupo mtu aliyemzoesha, aliyemwekea mzigo mwepesi kwanza, aliyetembea naye, aliyemfundisha kusimama. Mtu huyo hakutoka Scotland. Alikuwa mtu wa Makololo, na jina lake hatulijui, kwa sababu aliyeandika kitabu ni aliyepanda, si aliyezoesha.

Mfano wa pili ni mkubwa zaidi, mkubwa kama tembo kweli.

Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alikuwa anatafuta mnyama wa kubeba mizigo kutoka pwani mpaka Tanganyika. Mwaka 1879 aliagiza tembo wanne kutoka India, wakashushwa Msasani karibu na Dar es Salaam, wakiongozwa na Carter. Safari hiyo haikuwa na mwisho mwema. Tembo walianza kufa njiani, na mwaka 1880 Carter mwenyewe akauawa katika vita vya kule bara. Ilikuwa safari ya kuelekea Karema, ng'ambo tu ya ziwa kutoka Katanga yetu.

Baada ya miaka kama 20, afisa Mbelgiji, Laplume, alianza kujaribu na tembo wa hapa Afrika, huko Uele, kaskazini-mashariki mwa Kongo. Watu wengi wa Ulaya walikuwa wanasema tembo wa Afrika hafugiki. Kazi ilianza, shule ya tembo ikawekwa Api, na baadaye Gangala na Bodio, kando ya mto Dungu, pembeni mwa ile mbuga ambayo tangu 1938 inaitwa Hifadhi ya Garamba. Tembo wale walivuta mikokoteni na kulima mashamba. Tembo wa Afrika! Wale wale walioambiwa hawafugiki.

Sitaki kupaka sukari. Kumkamata mtoto wa tembo kulikuwa kazi ya ukatili. Mwanzoni mama alipigwa risasi ili mtoto abaki. Hakuna anayepaswa kusifu hilo, na kama tungetaka kujenga imani kwa mnyama, tusingeanza kwa kumuua mamaye. Lakini angalia kilichofuata, kwa sababu ndicho ushahidi wangu. Baada ya kukamatwa, tembo mchanga hakuvunjwa kwa fimbo. Alifungwa kati ya tembo wakubwa waliokwisha kuzoea, wale walioitwa walimu, naye alitembea kama wanavyotembea. Alipewa mtu wake, kornaki wake, aliyemlisha kwa mkono, aliyemwogesha mtoni, aliyemgusa kila siku mpaka mkono ukawa kitu cha kawaida. Na waliimba. Wageni wote waliopita Gangala na Bodio walishangaa jambo hilo: watu wanaimba, na tembo mchanga anatulia. Kazi hiyo ilifanywa na nani? Na watu wa Uele. Laplume ana jina lake katika vitabu. Kornaki hana.

Basi ndugu unayesema kuzoeza kwa mkono ni mambo ya Wazungu, ujue unarudia maneno ya waliowafuta watu wetu kwenye karatasi. Unamsaidia mwizi kubeba mzigo.

Na tusiende mbali mpaka Uele. Katika msitu wetu wenyewe, mtafuta asali anamfuata yule ndege mdogo anayemwongoza kwenye mzinga. Ndege anaita, mtu anajibu kwa mluzi, anafuata, anakata mti, anatoa asali. Na mzee anayejua kazi yake anaacha kipande cha sega kwa ndege. Hiyo ni nini kama si kuaminiana na mnyama? Hakuna fimbo pale. Fimbo ingekusaidia nini na ndege? Hata mbwa wa kuwinda, mwenye kengele ya mti shingoni: mwindaji akimpiga mpaka amuogope, siku mbwa akiona mnyama atakimbia upande wake, na hatarudi kuita. Wazee walijua. Sisi ndio tunaojifanya hatujui.

Sasa mtoto wa pili: bila kumpiga, hatajua nani ni bwana.

Hapa nataka niseme polepole. Wengi wetu tumekulia katika nyumba za Lubumbashi, Likasi, Kipushi au hapa hapa Mokambo, ambamo ukutani palining'inia picha moja: askari anampiga mtu aliyelala chini, mzungu anatazama, bendera ya Ubelgiji iko juu. Wachoraji wa Katanga, Tshibumba Kanda Matulu akiwa mmoja wao, waliichora picha hiyo mara nyingi katika miaka ya 1970, na watu waliinunua na kuiweka sebuleni, jina lake "Kolonie Belge". Kile kilicho mkononi mwa askari ni fimbo ya ngozi ya kiboko. Ndiyo maana kwa Kiswahili mnyama na mjeledi vina jina moja.

Mimi sisemi kwamba mtu na punda ni kitu kimoja. Yeyote atakayesema nimesema hivyo ananisingizia. Nasema juu ya mkono unaoshika. Tunaketi chini ya picha ile, tunasikitika juu ya babu zetu, kisha tunatoka nje na kushika chombo kile kile, kwa sababu ile ile iliyotolewa wakati ule: "hawa hawasikii lingine." Huo ndio urithi tunaotaka kuuita mila? Kama kuna desturi ya kigeni katika habari hii, ni kiboko. Mkono unaogusa, sauti inayoimba, hivyo ndivyo vya kwetu.

Lakini tuache historia, tuangalie mnyama mwenyewe, maana wengine watasema: "Sawa, maneno mazuri, lakini njo inafanya kazi?"

Punda. Tunamwita mkaidi. Unamvuta, anasimama, unampiga, anasimama zaidi. Sasa elewa kwa nini. Farasi akiogopa anakimbia. Punda akiogopa anasimama na kufikiri. Ndivyo alivyoumbwa. Akiona daraja, kivuli, maji yanayong'aa, anasimama mpaka ajue ni kitu gani. Wewe unakuja na fimbo. Mbele kuna kitu anachoogopa, na nyuma umemwekea kitu kingine cha kuogopa. Atafanya nini? Atabaki pale pale. Halafu unasema hana akili. Akili ameionyesha yeye.

Farasi. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, anaona karibu pande zote, isipokuwa mahali kidogo mbele kabisa ya pua na mahali nyuma ya mkia. Mtu akimwendea moja kwa moja usoni, au akimjia kwa nyuma kimya, mnyama hamuoni vizuri. Anaruka au anarusha teke. Hapo tunatoa methali yetu: shukrani ya punda ni mateke. Methali hii imetunyima ufahamu kwa miaka mingi. Teke halina uhusiano na shukrani. Teke ni neno la mnyama ambaye maneno yake ya kwanza hayakusikika. Alikwisha kulaza masikio, hukuona. Alikwisha kukaza mwili, hukuona. Alikwisha kugeuza matako, hukuona. Neno la nne ni kwato.

Na iko methali mbaya zaidi: punda afe, mzigo wa bwana ufike. Nani aliitunga hiyo? Bila shaka bwana, hapana punda.

Livingstone huyo huyo alituachia somo kubwa juu ya jambo hili. Mwaka 1866 alishuka pwani ya kusini, karibu na Mikindani, akiwa na ngamia, nyati wa kufugwa kutoka India, nyumbu wa kazi na punda. Alitaka kujua ni wanyama gani watavumilia mbung'o. Wanyama walidhoofika na wakafa mmoja mmoja. Lakini yeye mwenyewe aliandika kwa uchungu kwamba askari waliowaswaga waliwapakia kupita kiasi, wakawapiga, wakawatesa, hata haikujulikana vizuri ni nzi aliyewaua au ni mtu. Ona: jaribio zima liliharibika kwa sababu ya fimbo. Na mwisho wa safari zake, mwaka 1873, alipokuwa mgonjwa na hawezi tena kutembea, alibebwa na punda katika matope ya Bangweulu, kabla watu wake hawajambeba kwa machela mpaka Chitambo alikofia. Huko si mbali na sisi. Barabara inayotoka Mokambo kwenda Luapula inaelekea upande ule ule.

Mkono nao una ushahidi wake. Mgiriki Xenophon, aliyekuwa askari wa farasi zaidi ya miaka 2300 iliyopita, aliandika kitabu kizima juu ya farasi, na katika kitabu hicho alikataza mtu kumwendea farasi akiwa na hasira. Alikuwa askari, hakuwa mtu laini. Karibu na wakati wetu, mwaka 1993, watafiti wawili huko Ufaransa walitangaza walichokiona kwa farasi wa Camargue: ukimkuna farasi pale shingo inapoungana na mgongo, mapigo ya moyo yake yanapungua. Ni mahali pale pale farasi wanapokunana wao kwa wao kwa meno. Hakuna fimbo duniani inayopunguza mapigo ya moyo wa mnyama. Mkono unaweza.

Basi kazi inafanywa namna gani? Nitasema kwa ufupi, maana wengine wanadhani "upole" ni kumwachia mnyama afanye anavyotaka. Hapana. Mnyama aliyedekezwa, anayekusukuma kwa kifua na kukuuma mfukoni, hajazoezwa. Ameharibiwa kwa njia nyingine.

Kwanza, unamwendea kwa pembeni, kwenye bega, ukiongea naye ili ajue uko wapi. Usimkazie macho. Unasimama kabla hajaondoka. Unaacha akunuse.

Pili, unagusa bega kwanza, si uso. Akitulia, unaondoa mkono. Hapa ndipo siri yote ilipo, nanyi mnaotaka kushika jambo moja tu katika maandiko haya, shikeni hili: mnyama hajifunzi wakati unaposukuma, anajifunza wakati unapoacha. Ukivuta kamba, naye akasogeza mguu mmoja, legeza kamba palepale. Ameelewa. Ukiendelea kuvuta baada ya yeye kutii, umemfundisha kwamba kutii hakuna faida. Anayepiga anashindwa kwa sababu hiyo: anapiga mnyama akisimama, anapiga akitembea, anapiga akikimbia. Sasa mnyama ajue nini?

Tatu, unatembeza mkono polepole kila mahali, shingo, mgongo, tumbo, miguu, mpaka kwato. Mnyama ambaye hajawahi kuinuliwa mguu akiwa mchanga, siku akiumia kwato utamfunga kamba watu watano ili umtibu.

Nne, kamba ya kichwa, kisha kutembea pamoja, kisha gunia tupu mgongoni, kisha gunia lenye uzito mdogo. Kila jambo jipya juu ya jambo lililokwisha kuzoeleka. Dakika 15 au 20 asubuhi zinatosha kwa mnyama mchanga. Unaacha wakati mambo ni mazuri, si wakati wote wawili mmechoka na kukasirika. Na farasi mchanga hapandwi kabla mifupa yake haijakomaa. Akiwa na mwaka mmoja au miwili anaonekana mkubwa, lakini bado ni mtoto.

Tano, mfunge pamoja na mkubwa. Ng'ombe mchanga anawekwa katika nira moja na ng'ombe mzee anayejua kazi. Wanavuta gogo kwanza, ndipo jembe. Mzee anamfundisha kusimama, kugeuka, kutulia. Ndiyo kazi ile ile ya tembo walimu wa Gangala na Bodio. Na sisi tunaolea mtoto kwa kumkaa karibu na shangazi na babu, tutasema hatuelewi namna hii ya kufundisha?

Wazee wanasema samaki mkunje angali mbichi. Nakubali kabisa. Lakini methali inasema kunja, haisemi vunja.

Sasa mtoto wa tatu: hatuna muda.

Huyu namhurumia kidogo, kwa sababu njaa haisubiri. Kijana anayebeba makala hana nafasi ya falsafa. Lakini tuhesabu pamoja, kama watu wa soko. Punda akitunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 25, hata 30 na zaidi. Kumzoeza kwa mkono kunachukua majuma machache, saa moja au pungufu kwa siku. Ukimharakisha kwa fimbo, utapata mnyama anayetembea siku ile ile, ndiyo. Lakini utahitaji mtu wa kumpiga kila siku ya maisha yake. Hiyo ni mishahara miwili kwa kazi moja. Atakuwa na vidonda, vidonda vitaoza, mzigo utasimama. Atamwangusha mtoto wako mtoni kwa sababu ya karatasi iliyopeperuka. Na ukitaka kumuuza, mnunuzi atamkaribia, mnyama ataruka, bei itashuka. Nani basi hana muda?

Angalia Lamu, kule pwani ya Kenya, mji ambao kwa karne nyingi umetegemea punda katika vichochoro vyake. Wanabeba mawe, mchanga, maji, watu. Hao si watu matajiri wenye nafasi ya mchezo. Ni watu wa kazi kama sisi. Tangu 1987 iko pale kliniki ya punda, watu wanaleta wanyama wao wenye vidonda na minyoo, wanatibiwa. Na wakati wa Maulidi vijana wanashindana kwa punda, mji mzima unatazama, na anayeshinda anatukuzwa. Unadhani punda wa mashindano anashinda kwa kuogopa? Kijana anayempanda amekulia naye. Heshima ya punda imekuwa heshima ya mji. Kwa nini iwe Lamu, isiwe Katanga?

Wengine watasema farasi wa Lubumbashi ni wa matajiri, basi habari hii haituhusu. Kinyume chake! Mwenye farasi anakuja siku ya Mungu, anapanda saa moja, anapigwa picha. Anayeamka alfajiri, anayejua leo farasi huyu hakula, anayemshika mtoto wa farasi mguu kwa mara ya kwanza bila kuumizwa, ni mtunza farasi, kijana wetu, baba yetu, mwenye mshahara mdogo na asiye na diploma. Ujuzi uko katika vidole vyake. Akizeeka, akifa, unaenda naye, sawasawa na ulivyokwenda ule wa kornaki wa Uele, ambao walipungua na tembo wao tangu vita na maasi ya mwaka 1964, mpaka miaka ya 1980 walipobaki tembo wachache wa kupandisha watalii. Tumekwisha kupoteza mara moja. Mara ya pili haitakuwa bahati mbaya, itakuwa uzembe.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, na naomba kwa chama chetu kwanza, si kwa serikali.

La kwanza: tuwatafute watu wenye ujuzi huu, watunza farasi, wachungaji, wazee waliofanya kazi na ng'ombe upande wa Zambia, wawindaji waliolea mbwa. Tuwaandike kwa majina yao, kwa ridhaa yao, na maneno wanayomwambia mnyama tuyaandike kama wanavyoyasema, Kibemba, Kilamba, Kiswahili cha kwetu. Jina la anayezoesha liingie kitabuni safari hii.

La pili: mtu yeyote wa hapa atakayenunua mnyama mchanga wa kazi, asiachwe peke yake na fimbo. Tumpelekee mtu wa kumwonyesha, majuma yale machache ya mwanzo. Ni gharama ndogo kuliko sherehe moja ya chama.

La tatu: katika sikukuu zetu, tusiweke tena mchezo wowote ambapo watoto wanashangilia mnyama akipigwa. Mtoto anayecheka pale anajifunza kitu, na atakitumia kwa mdogo wake kabla ya kukitumia kwa punda.

Najua wako watakaosema mwandishi huyu amelainika, ameiga mambo ya ng'ambo. Nawaalika. Waje na fimbo yao, mimi nitakuja na mtu mmoja mwenye mikono mizuri, tupewe ndama wawili wa umri mmoja, tuonane baada ya mwezi mmoja. Tutawafungua wote wawili kamba uwanjani, mbele ya watu wote, na kila mmoja amwite wake. Kikao cha chama kipange tarehe.